Wiki sita za kujifunza alama za barabarani: shajara kutoka Bwera

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo nimeanza. Leseni ya mwanafunzi ninayo, gari langu la Probox limebandikwa L nyekundu mbele na nyuma, na Mwalimu amenipa karatasi nne zilizojaa alama. Nimezihesabu jioni baada ya kufunga duka: 92.

Naandika ili nijue nilipotoka. Nimeuza vitenge Mpondwe, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo mzigo wangu umebebwa na magari ya watu. Dereva akichelewa, nimechelewa. Akipandisha bei usiku, nalipa. Mwaka huu nimenunua gari, na sitaki liendeshwe na mtu mwingine mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Mwalimu amesema hanipeleki barabara kuu mpaka karatasi hizi ziniingie kichwani. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Jumatano

Haikuwa kazi ya siku mbili. Nilikariri kwa mpangilio wa karatasi: safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtoto anavyokariri orodha ya kuhesabu. Nikampigia Mwalimu simu nikamwambia niko tayari. Akaja na mkasi. Akakata alama zote, akazichanganya mezani kama karata, akaanza kuinua moja moja. Nilipata 31.

Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, kabla hujaangalia picha iliyo ndani, umeangalia umbo?" Sikuwa nimeangalia.

Alhamisi

Umbo. Siku nzima nimekaa na jambo hili, na nataka kuliandika lote.

Duara linaamuru. Likiwa na ukingo mwekundu linakataza au linaweka mpaka: usiingie, usipite gari lingine, usizidi spidi hii. Duara la buluu nalo linaamuru, ila linakuambia ufanye nini: pita kushoto, nenda moja kwa moja. Pembetatu yenye ncha juu na ukingo mwekundu inaonya: mbele kuna kona, tuta, watoto, mlima mkali. Haikukatazi kitu, inakuandaa. Mstatili unakupa habari: mji, umbali, hospitali, mahali pa kuegesha.

Halafu kuna alama mbili ambazo haziko katika familia hizo. SIMAMA ina pembe nane. PISHA ni pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini. Hakuna alama nyingine yenye maumbo hayo, na kuna sababu. Njia zetu zina vumbi. Gari likipita kwenye maramu, barabara isiyo na lami, alama yote inapakwa rangi moja ya udongo, herufi hazisomeki, wekundu haupo. Lakini pembe nane zinabaki pembe nane. Hata ukiitazama kwa nyuma, upande wa chuma kitupu, unajua yule anayetoka barabara ile nyingine ndiye anayetakiwa kusimama. Unasoma agizo la mwenzako.

Pembe nane zenyewe zilianza kupendekezwa Marekani mwaka 1923, na kwa miaka mingi alama hiyo haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya njano, kwa sababu rangi nyekundu za zamani zilikuwa zinafifia juani. Wekundu ulikuja rasmi kwao mwaka 1954. Nimelipenda jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba umbo lilitangulia rangi. Mtu akisahau kila kitu kingine, ashike umbo.

Jioni binti yangu alinichanganyia tena zile karatasi. Nilipata 54.

Wiki ya 2, Jumanne

Tatizo jipya, na si la macho. Ni la ulimi. Karatasi zote ni za Kiingereza. Kiingereza cha biashara ninacho, lakini maneno ya barabarani yanapita haraka mno kichwani. Naona alama, najua maana yake kwa mwili, kisha nakwama kutafuta jina. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na hapa Bwera kila mtu anayevuka mpaka anakizungumza. Nikaamua kila alama niipe jina la Kiswahili kwanza, nililitie moyoni, kisha Kiingereza kije nyuma yake.

Tumekata maboksi ya sabuni, tukatengeneza kadi. Binti yangu anachora kwa kalamu za rangi, mimi naandika jina nyuma. Nililitafuta jina fupi kwa kila moja, kwa sababu barabarani hakuna nafasi ya sentensi. "Pisha." "Kona mbili." "Njia inabanana." "Daraja jembamba." "Mawe yanaporomoka."

Tulibishana sana juu ya "usiegeshe" na "usisimame". Binti yangu alisema ni kitu kimoja. Si kimoja. Kwenye "usiegeshe" bado unaweza kushusha abiria ukaondoka. Kwenye "usisimame" hata hilo huruhusiwi. Nimeshuhudia takisi ngapi zikishusha watu mahali pasiporuhusiwa kabisa, na mimi mwenyewe nilishuka humo bila kujua.

Ijumaa

Kona mbili imenitesa tangu jana. Kuna mbili zinazofanana: moja inaanza kushoto, nyingine inaanza kulia. Nimezikosea kila mara. Leo nimepata dawa: alama inasomwa kuanzia chini. Chini ndipo ulipo wewe na gari lako, juu ndiko unakokwenda. Nikiweka kidole chini ya mstari na kukipandisha, kidole kinapinda kwanza upande ambao gari litapinda kwanza. Tangu nigundue hivyo sijakosea hata mara moja. Ilinisaidia pia kwenye njia panda na mahali ambapo barabara ndogo inaingia kutoka pembeni.

74 kati ya 92.

Wiki ya 3, Jumapili

Mjomba amevuka kutoka Beni, upande wa Kongo, kuja kututembelea. Ameendesha malori miaka mingi huko, na aliposikia najifunza alifurahi mpaka akakataa kukaa ndani kunywa chai. Akataka twende uwanjani mara moja, na Mwalimu akaja nasi.

Mikono yake ni ya dereva wa kweli. Klachi, gia, breki, alinionyesha mambo ambayo sikuwa nimeyahisi vizuri. Lakini tulipochora mzunguko wa barabara kwa majivu ili nifanye mazoezi ya kuingia, akaniambia, "Mama, angalia kushoto, wanaotoka kushoto ndio wa kuwapisha." Mwalimu akasema hapana, kulia. Wazee wawili wakasimama katikati ya majivu wakitazamana.

Wote wawili walikuwa sawa, kila mmoja kwa nchi yake. Kongo wanaendesha kulia, na mzunguko wao unazunguka kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo magari yaliyomo ndani yanakujia kutoka kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, tunazunguka kufuata mshale wa saa, na gari lililomo ndani linatokea kulia kwako. Hilo ndilo unalopaswa kupisha.

Nimewaza sana usiku. Uganda imekaa katikati. Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto kama sisi. Kongo, Rwanda na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Maana yake, mpakani petu hapa kila trela linalovuka mto Lubiriha linabadilisha upande, kila siku. Nami kwa miaka tisa nimevuka kwa miguu, na sasa ndipo nagundua kwamba shingo yangu ilishajifunza yenyewe: upande huu naanza kutazama kulia, nikishavuka naanza kutazama kushoto. Hakuna aliyenifundisha. Soko limenifundisha.

Kuna nchi iliyowahi kubadilisha upande kwa usiku mmoja: Sweden, Septemba 3, 1967, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikafikiria kazi ya kuhamisha kila alama iliyokuwa upande huu wa barabara iende upande ule, nchi nzima. Alama ikibaki upande usio wake, dereva anayeihitaji haioni.

Jumatatu

Mjomba ameondoka asubuhi. Kabla hajavuka alinifundisha ishara za mkono, kwa sababu indiketa inaweza kufa njiani. Naye alikumbuka mwenyewe kwamba kwake usukani uko kushoto na mkono unatokea dirisha la kushoto, kwetu unatokea dirisha la kulia. Mkono ukinyooshwa kulia, nakata kulia. Mkono ukipandishwa na kushushwa taratibu, kiganja kikitazama chini, napunguza mwendo. Mkono ukizungushwa kinyume na mshale wa saa, nakata kushoto. Tulifanya hivyo mbele ya duka, na mwenye bodaboda wa steji yetu akasimama akasema ile ya kuzungusha ndiyo anayoitumia kila siku bila kujua kwamba imo kwenye kanuni.

Alhamisi

Leo nilikaa mbele kwenye lori la mchuuzi mwenzangu mpaka Kasese, na kadi zangu mapajani. Niliomba nitaje kila alama kabla hatujaifikia. Dereva, kijana mpole, alikubali na akawa ananisahihisha.

Karibu na Kikorongo, pale barabara inapokata ikweta ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna maonyo ya wanyama pori. Kwenye karatasi ile ilikuwa pembetatu moja kati ya nyingi. Barabarani ilinifanya nikae wima. Tembo akisimama kwenye lami usiku hana taa za nyuma. Dereva alisema anapofika hapo hupunguza hata kama barabara ni tupu, kwa sababu onyo halisemi tembo yupo, linasema anaweza kuwapo.

Nilichojifunza zaidi siku hiyo hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Tuliona matawi mabichi yametupwa barabarani, moja, hatua kadhaa tena moja, tena moja. Kila dereva wa Uganda anajua: mbele kuna gari limekufa, punguza. Kila gari linapaswa kuwa na pembetatu za kuakisi mwanga, na matawi ni ya yule asiyekuwa nazo. Nayaheshimu matawi hayo kwa sababu mtu aliyekwama alikumbuka mwenzake anayekuja. Lakini kilomita chache mbele tulikuta matawi yaliyokauka na mawe makubwa, na gari halipo. Lilishatengenezwa likaondoka, mawe yakabaki. Hilo linaniuma. Mawe yale yaliyowekwa kukinga gurudumu usiku yanageuka kuwa hatari kuliko gari lenyewe. Nimeapa: gari langu likifa, sitaondoka kabla sijatoa nilichoweka.

Na kuna lugha ya malori. Trela lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia bila kuwa na njia ya kukata kulia, linakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto, linakuambia pita. Kijana anaiamini. Nilipomweleza Mwalimu jioni, uso wake ulibadilika. Alisema indiketa ni ya kuonyesha unakokwenda wewe, si ya kumwamulia mwenzako, na kwamba trela linalowasha kushoto huenda kweli linaegesha. Mimi nimeamua hivi: ikinikataza nitatii, ikiniruhusu sitaitegemea mpaka nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Wiki ya 4, Kampala

Nilikuwa na safari ya kununua mzigo, nikaifanya kuwa shule. Basi lilipita Fort Portal, Kyenjojo, Mubende, Mityana. Nilitaja alama mpaka jirani yangu, mama mmoja wa makamo, akaanza kuzitaja pamoja nami. Alitaka kujua kwa nini mstari wa katikati mara nyingine umekatika na mara nyingine haukatiki. Nilimweleza: uliokatika unaweza kuuvuka kupita gari lingine kama mbele ni salama, usiokatika usiuvuke. Ikiwa ni miwili pamoja, mmoja umekatika na mwingine haukatiki, unafuata ule ulio karibu nawe. Tukapanda kilima ambapo mstari mzima ulikuwa upande wetu, na dereva wa gari dogo akatupita hapo hapo. Mama yule alinishika mkono.

Taa za barabarani nilikuwa nazijua kwa picha tu. Nikaenda Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, nikasimama kando ya barabara kwa karibu saa nzima. Nyekundu na kijani hazina shida. Kazi iko kwenye ile ya njano. Kabla sijafika pale nilikuwa nasema njano maana yake "jiandae kwenda haraka", kwa sababu ndivyo nilivyoona wengi wakifanya nikiwa abiria. Kanuni inasema kinyume: njano baada ya kijani ni kusimama, isipokuwa umeshakaribia mstari kiasi kwamba kufunga breki kutaleta ajali. Nilisimama nikahesabu magari yaliyosimama kwa njano na yaliyoongeza mwendo. Sitaandika hesabu hiyo hapa, ila nilielewa kwa nini Mwalimu anauliza swali hili kila mara.

Halafu askari wa trafiki, sare nyeupe, akaingia katikati. Taa zikaendelea kuwaka kama kawaida, kijani, njano, nyekundu, na hakuna aliyezitazama tena. Aliinua mkono wa kulia, kiganja mbele, na walio mbele yake wakasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, na walio nyuma yake wakasimama. Upande mmoja ulikuwa na taa ya kijani kabisa, na walisimama, kwa sababu Afande amesema simama.

Hapo ndipo mpangilio wote ulinikaa. Askari yuko juu ya taa. Taa ziko juu ya alama. Alama ziko juu ya michoro ya lami. Niliuandika nyuma ya kadi ya kwanza kabisa. Kabla ya siku hiyo nilikuwa na alama 92 zilizotapakaa. Pale Wandegeya zikapata wakubwa na wadogo, kama watu wa nyumba moja.

Wiki ya 5, Jumatano

Jaribio la Mwalimu: 89. Nilizokosa ni zile ambazo sijawahi kuziona kwa macho njiani kwangu. Ile ya "mwisho wa makatazo", duara lenye mistari myeusi ya mshazari, naisahau kila mara. Kichwa changu kinashika kile ambacho miguu imekipitia.

Ameniruhusu barabara kuu. Kilomita nne tu, naye pembeni. Ndani ya mji spidi ya mwisho ni 50, na niligundua kwamba 50 kwenye usukani ni kasi kubwa kuliko 50 ya abiria. Kwenye kivuko cha zebra karibu na shule nilisimama kabla hata hajasema. Watoto walivuka wakikimbia, isipokuwa mmoja wa mwisho ambaye alisimama katikati akanitazama, akahakikisha kweli nimesimama, ndipo akaendelea. Amefundishwa na magari yasiyosimama.

Jumamosi

Mama anayeuza samaki mkabala na duka langu ameomba kadi. Mumewe amemwambia wanawake hawana kichwa cha barabara. Nimempa kadi 40, zile za maumbo kwanza, na nimemwambia asiguse picha mpaka maumbo yamekaa. Leo jioni alipata 20 kati ya 40. Nilipoanza mimi, sikufikisha nusu.

Wiki ya 6, Alhamisi

Mtihani. Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa na ubao wa alama na fimbo nyembamba. Aligusa moja, nikajibu. Aligusa nyingine. Kiingereza kilikuja, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeshatangulia na kushika mahali pake. Kona mbili, nilisogeza kidole hewani kutoka chini, naye akatabasamu. Pembe nane, akaniuliza kwa nini ina umbo hilo. Nilimweleza vumbi, nikamweleza na mgongo wa alama. Hakusema kitu, akaandika.

Akauliza: "Taa ni nyekundu, askari anakupungia uje. Unafanya nini?"

"Naenda, Afande, taratibu, nikitazama pande zote."

Kisha akagusa lile duara lenye mistari ya mshazari. Nilisita. Nilifikiria kadi, sabuni, mwandiko wangu nyuma yake, na neno likaja kwa Kiswahili peke yake. Nikalisema hivyo hivyo: mwisho wa makatazo. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akasogeza fimbo kwenye alama inayofuata.

Nimepita upande wa alama. Jumatatu ni kuendesha: kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma, na kuegesha kinyumenyume. Mwalimu anakuja kesho saa 12 asubuhi, kabla malori hayajaanza kupanga foleni kwenda mpakani.